Maili Mia na Ishirini na Tisa za Zakaria

Jumapili ile baada ya ibada, ninyi wenzangu wa besi katika kwaya mliniuliza safari ilikuwaje. Nikajibu, "Nzuri tu," nikachukua kofia yangu nikaondoka. Halikuwa jibu, na nilijua mtaniuliza tena. Kusema mbele ya watu kunanishinda tangu utoto, na tangu tulipomzika mdogo wangu Zakaria kumenishinda zaidi. Kuandika ninaweza, kwa kadiri ya darasa langu la nne. Basi someni, mkimaliza msiniulize.

Zakaria mlimjua kama seremala wa karakana ya misheni. Mlimjua pia kwa baiskeli, na wengi wenu mlimcheka, nami nilikuwa mmoja wenu. Kila Jumamosi mchana alifuta vumbi la mbao, akapanda baiskeli akaenda zake, jioni akarudi mikono mitupu. Hakuwa ameuza kitu wala kununua. Watu wakimkuta njiani wakamuuliza, "Fundi, unaenda wapi?" alijibu, "Siendi mahali." Wengine walisema ana mwanamke Uwemba. Mimi nilimwambia mafuta ya mnyororo anayapoteza bure.

Alichokuwa akikusanya ni maili. Kwenye ekseli ya gurudumu la mbele alifunga kidude kidogo cha chuma alichokiita mita. Kipini kilichofungwa kwenye spoki hugonga kijigurudumu cha mita kila gurudumu linapozunguka, tik, tik, na nambari husogea. Nambari nne nyeupe ni maili, na moja nyekundu mwishoni ni sehemu ya kumi ya maili. Ikifika tisa zote hugeuka kuwa sifuri zote, na hapo umetimiza maili elfu kumi. Hilo ndilo alilotaka. Hakuna aliyemtuma.

Alikuwa na sheria zake. Maili uliyoendesha ni yako. Maili uliyokokota baiskeli mwenyewe kupanda kilima ni yako pia, maana kilima nacho umekipanda. Lakini maili ya baiskeli iliyobebwa au kusukumwa na mtu mwingine si yako. Mtu akimwazima baiskeli na kuirudisha, Zakaria aliipindua, akazungusha gurudumu kinyumenyume mpaka nambari zirudi zilipokuwa. Nilimkuta mara moja akifanya hivyo, jasho linamtoka, nikadhani amerukwa na akili.

Kichomi kilimkamata masika. Siku moja kitandani aliniuliza, "Kaka, inasoma ngapi?" Nikaenda kuangalia, nikamwambia ni elfu tisa mia nane sabini na moja. Akasema, "Bado kidogo." Hakuniomba nimalizie, na wosia hakuacha. Msije mkaambiwa vingine.

Wazee waliamua msiba umalizwe mwezi wa sita, Jumamosi, huko Mlangali kwa mjomba wetu Simoni aliyemlea Zakaria na kumfundisha kushika randa. Baiskeli nayo iwe ya mjomba, naye alisema angeondoa mita na kufunga mti nyuma wa kubebea magunia ya mahindi. Nilipewa kazi ya kuifikisha. Katika mkoba wa baiskeli nilikuta kadi ya Zakaria, imeandikwa kwa penseli ya useremala: "Makambako. Kurudi. Kisha kwa Mjomba. Yatosha." Nikajumlisha. Kutoka nyumbani hadi Makambako, kurudi, na kisha Mlangali, ni maili mia na ishirini na tisa na kidogo. Alikuwa amepanga elfu kumi imfikie mlangoni kwa mjomba.

Nilikuwa na siku tano. Kama zisingetimia kabla ya Jumamosi, zisingetimia tena.

Njombe hadi shamba la bibi

Niliondoka Jumatatu asubuhi, ukungu umelala mpaka kwenye vizingiti vya milango. Mke wangu alinifungia viazi vya kuchemsha na blanketi, akanivisha soksi mikononi kwa sababu ya baridi. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Makambako unafuata nini?" Nikasema sijui. Akasema, "Basi ukikijua uniambie."

Mimi si mwendeshaji. Kilima cha kwanza nilikikokota, cha pili nikakikokota, cha tatu kilikuwa mteremko nikaogopa, nacho nikakikokota. Lakini baada ya maili kumi hivi jambo moja lilinishika. Kila maili ilipotimia nilisimama nikainama kusoma mita, nikaandika kwenye kadi kama alivyokuwa akifanya Zakaria. Kila niliposimama palikuwa na kitu. Maili moja iliishia kwenye jiwe lenye umbo la ng'ombe aliyelala. Nyingine iliishia penye mwanamke anayepepeta maharage, nyingine katikati ya miti michanga ya miwati iliyopandwa kwa mistari kama mistari ya daftari. Njia ile nimeipita kwa lori mara nyingi, na sikuwahi kuviona. Nikaanza kutaka kujua maili ijayo itaishia wapi. Nilicheka peke yangu, kisha nikaona aibu kwa kucheka nikiwa na msiba.

Kule kusimama na kuandika ndiko kulikoniponza. Kabla ya saa nane, kwenye kijiji kimoja ambacho sitakitaja, wanaume wanne waliokuwa wakivuna mahindi waliingia barabarani wakasimama mbele yangu.

"Kamwene," alinisalimu mkubwa wao, ambaye baadaye nilijua ndiye jumbe.

"Kamwene, baba."

"Tumekutazama tangu kule juu. Unaandika nini?"

"Maili, baba."

"Maili za nani?"

Nikajibu kweli, na kweli ile ikanikaanga. "Za mdogo wangu."

"Mdogo wako ndiye aliyekuja juzi na minyororo na vigingi?"

Kumbe wiki ile walikuwa wamepita watu wa kupima ardhi, na hakuna aliyewaambia wanapima kwa ajili ya nani. Sasa mimi hapa, na kadi, na penseli, na chuma kinachohesabu. Mmoja wao aliinama akainua gurudumu akalizungusha. Tik, tik. Wote wakarudi nyuma hatua moja.

"Kinahesabu," alisema.

"Kinahesabu njia tu," nikasema. "Hakihesabu mashamba."

"Njia si imelala juu ya ardhi?"

Niliinama nikaitazama njia.

Akatoka bibi mmoja mfupi, jembe begani, kanga ya mgongoni imekwisha rangi. Shamba lililofuata barabara upande wa kushoto lilikuwa lake. Hakunisalimu. "Hicho kidude hakipiti mbele ya shamba langu," alisema. "Kama ni kupita, akibebe kichwani."

"Bibi, baiskeli ni nzito," jumbe alisema.

"Mbona mimi hubeba kuni?"

Nikajaribu. Nasema kweli, nilijaribu kuinua baiskeli ile na mizigo yake begani, ikaniangukia. Viazi vikamwagika barabarani. Wanaume walicheka, lakini bibi hakucheka. Aliniangalia kichwani, akaona nywele zilizonyolewa zinaanza kuota.

"Umefiwa?"

"Ndiyo, bibi."

"Na nani?"

"Na huyo mdogo wangu. Hizi maili ni zake. Alikuwa akizihesabu kwa furaha yake tu, hakuna aliyemtuma. Zimebaki chache, nami namalizia."

Jumbe alivua kofia. "Pole," alisema, na wengine wakasema pole, mmoja baada ya mwingine. Wakaanza kuokota viazi. Bibi alibaki ameshika kiuno.

"Hakuuza kitu huko alikokwenda?" aliuliza.

"Hapana."

"Wala hakuwa na mwanamke?"

"Sidhani, bibi."

"Ajabu." Akafikiri. Kisha akampa jumbe jembe lake, akashika usukani wa baiskeli. "Nitaipitisha mimi. Nikipima shamba langu mwenyewe si kosa."

Akaisukuma. Mimi nilitembea pembeni. Tulipolipita shamba lake nilinyoosha mkono kuipokea, akanipiga kofi dogo la mkono. "Wewe una msiba. Mtu mwenye msiba haachwi njiani abebe mwenyewe. Ngoja nikusindikize mpaka kwenye kijito."

Nanyi mnajua. Anayekusindikiza hanyang'anywi mzigo. Nikatembea naye kimya, nikisikiliza tik, tik, na kila tiki ilikuwa si yangu wala si ya Zakaria. Kwenye kijito niliinama kusoma. Alikuwa amesukuma sehemu sita za kumi za maili.

Alipoondoka niliipindua baiskeli nikashika gurudumu nilirudishe kinyume, kama sheria ilivyotaka. Mkono haukwenda. Kurudisha nyuma hatua za aliyekusindikiza ni sawa na kumwambia usindikizaji wake nimeutema. Niliisimamisha tena. Kwenye kadi nikaandika, "0.6, za bibi." Nikaamua nitaziacha kwenye mita, na mwisho wa safari nitaendesha sehemu sita zangu badala yake.

Usiku huo nililala kwa mkwe wa jumbe, ugali na njegere, na maswali mengi juu ya spoki.

Makambako

Nilifika Jumanne kabla ya mchana. Kwa asiyepajua, Makambako ni njia panda tu: barabara ya Iringa, ya Mbeya, na hii yetu ya kwenda Njombe na Songea, na hapo katikati maduka machache, mahema ya chai, na malori yanayosubiri. Upepo wake hauna adabu. Unaingia shingoni na kutokea kwenye vifundo vya miguu. Nilisimama pale njia panda nikatazama huku na huku. Nilitaka kuona Zakaria alifuata nini. Niliona mbuzi, mapipa, na mtu anayegombana na kuku. Nikasema moyoni, labda alifuata chai.

Chai ilikuwa nzuri kweli. Mama aliyeiuza alinipa na mandazi mawili makubwa, akanionyesha fundi wa baiskeli mbele ya hema lake, maana gurudumu la mbele lilikuwa limepinda nilipoangusha baiskeli. Fundi aliitwa Kasimu, mcheshi, haachi kuongea. Aliipindua baiskeli, akakaza spoki hii, akalegeza ile, na kila mara akalizungusha gurudumu kwa nguvu kutazama kama limenyooka. Mimi nilikuwa na mandazi. Nilipokumbuka, nilikuwa nimechelewa.

"Fundi, umezungusha sana."

"Bila kuzungusha nitajuaje?"

Niliinama. Nambari nyekundu ilikuwa imepita sehemu nne. "Umeongeza maili," nikasema.

"Nimekuongezea? Basi chukua, sikudai."

"Siwezi kuzichukua."

Alifuta mikono kwa kitambaa cha mafuta. "Watu huja hapa kunilalamikia bei, nipunguze bei. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia nipunguze maili."

Hizi hazikuwa usindikizaji, zilikuwa bahati mbaya tu, kwa hiyo nilichuchumaa nikaanza kuzungusha gurudumu kinyume. Katika maili moja gurudumu huzunguka mara mia saba na ishirini, Zakaria aliandika nyuma ya kadi. Sehemu nne za kumi ni karibu mara mia tatu. Nilipofika hamsini hivi nilikuwa na watazamaji. Utingo wa lori la Songea alishuka akiwa na mkate mdomoni.

"Mzee, mbele ni upande ule."

"Najua."

"Sasa unarudi Njombe bila kupanda?"

Watu walicheka. Mama wa chai alisema, "Mwacheni. Labda alisahau kitu jana." Hapo nami nilicheka, na mkono ukapoteza mwendo. Utingo akauliza kama naweza kuzungusha mpaka siku aliyooa, akaonye mtu. Kasimu alikaa kando yangu. "Pisha," alisema. "Mimi nilizitia, mimi nizitoe." Akazungusha mpaka nambari nyekundu ikarudi ilipokuwa, akaniita nishuhudie kama karani anayeonyesha muhuri.

Kurudi kwa upepo

Jumatano upepo ulikuwa usoni tangu Makambako. Sikuendesha, nilisukumana nao. Mchana lori la Songea lilinipita, likasimama mbele, na dereva akachungulia. "Panda. Weka baiskeli juu ya magunia, nitakushusha Njombe jua likiwa bado lipo. Gurudumu ukilizungusha huko juu, nani atajua?"

Niliiegemeza baiskeli kwenye lori. Mguu mmoja niliuweka kwenye kipandio. Kilichonitoa hakikuwa uadilifu. Kilichonitoa ni yule utingo wa mkate, aliyekuwa amekaa juu ya magunia akitabasamu kwa kungoja. Niliona atakavyohadithia habari zangu kila kituo mpaka Songea. Nikamshukuru dereva, nikashusha mguu.

Nilipolifikia shamba la bibi, alikuwa amekaa kwenye ukingo wa barabara kama aliyeniwekea miadi. Nilishuka.

"Unashukia nini? Pita," alisema. "Mimi nimeshapima, inatosha." Akanipa mahindi mawili ya kuchoma, ya moto. Nilipokuwa nakula aliuliza, "Zile zangu bado unazo?"

"Ninazo, bibi. Nimeziandika."

"Huyo mdogo wako angezikataa?"

Nikamwambia kweli: yeye angezirudisha nyuma.

"Basi wewe ni laini kuliko yeye," alisema, wala sikujua kama ananisifu.

Njombe hadi Mlangali

Alhamisi niliondoka nyumbani tena, makalio hayataki kusikia habari ya kiti. Njia ya Mlangali ni nyekundu, inapanda na kushuka mpaka unasahau tambarare ni kitu gani. Nilianguka mara moja, penye mchanga, mbele ya wanawake watatu. Walisema pole kwa heshima, wakasubiri nipite ndipo wacheke. Niliwasikia.

Jioni nilifika kwa mwinjilisti mmoja mzee. Nilipotaja jina la mdogo wangu, mke wake aliweka chini chungu.

"Yule fundi asiyekwenda mahali?"

Kumbe alipita pale mara nne au tano. Nikawauliza alikuwa anafanya nini. Nilikuwa na hamu kweli, karibu nimshike mama yule mkono.

"Aliomba maji," alisema. "Akakaa pale kwenye gogo. Akauliza mlima ule unaitwaje. Tukamwambia. Akauliza kijito kile je. Tukamwambia. Akauliza kwa nini mlango wetu unalia. Tukasema umezeeka. Akatoa bisibisi akakaza bawaba, akaondoka."

"Basi?"

"Basi. Mara ya pili akauliza mlima mwingine."

Mwinjilisti aliufungua mlango na kuufunga nisikie. Haukulia. Nilikula viazi na maharage waliyoniandalia bila kuinua macho. Nilikuwa kaka yake miaka thelathini, na sikujua alikuwa akiuliza majina ya milima.

Ijumaa niliuliza nami. Nilisimama kila maili na kumuuliza aliyekuwa karibu mahali pale panaitwaje. Wengine walinitazama kama jumbe alivyonitazama, lakini nilikuwa nimejifunza: niliuliza kwanza, nikaandika baadaye, na kadi niliiacha wazi waione. Jua lilipoegemea mlima, mita ilisoma elfu tisa mia tisa tisini na tisa na sehemu mbili. Nilikuwa nimeanza kuimba besi yangu peke yangu. Hapo kwenye kona nikamwona Mjomba Simoni, amekaa kwenye jiwe, fimbo magotini. Alikuwa amenisubiri tangu adhuhuri.

Tulishikana mikono kwa muda mrefu. Kisha akashika usukani.

"Lete."

"Mjomba, niache tu, sijachoka."

"Petro. Unaleta kitu cha marehemu. Utakifikisha mwenyewe mpaka mlangoni kama mchuuzi? Lete."

Ningefanyaje? Ni mjomba, ni mfiwa, na miguu yake haikuwa ya kijana. Alimlea Zakaria tangu ana meno sita. Nilimwachia. Akaisukuma polepole, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine juu ya kiti, kama anavyoshikwa mtoto anayefundishwa kuendesha. Nilitembea nyuma yake. Sikutaka kutazama gurudumu, nikalitazama. Mbele ya kanisa, tisa zote zilisogea pamoja kwa uzito, zikawa sifuri zote. Mjomba hakuona. Tulipofika mlangoni mita ilisoma sifuri na sehemu tatu.

Hapo nilijua kumbe Zakaria alimwandikia mjomba barua juu ya elfu kumi, naye amewaambia jamaa wote. Shangazi aliinama akasoma nambari, akapaza sauti, "Zimetimia." Watu wakaanza wimbo. Mjomba alikaa kwenye ngazi akafunika uso kwa kofia, mabega yakatikisika. Nilikuwa sijawahi kumwona analia.

Nami nilinyamaza. Nilikula nyama, nikapokea pongezi, nikalala, na sikusema. Hiyo ndiyo sehemu ya safari ninayoionea aibu, kuliko kuanguka mchangani.

Jumamosi

Asubuhi wazee walikaa, vitu vya Zakaria vimepangwa juu ya mkeka: randa, msumeno, koti, Biblia. Baiskeli imeegemezwa ukutani. Kabla ya sala nilisimama.

"Wazee wangu, maili hazijatimia."

Mzee wa upande wa baba alisema, "Jana tulisoma wote."

"Mita ilitimia. Maili hazijatimia. Kuna sehemu sita alisukuma bibi mmoja njiani. Na kutoka kwenye kona mpaka hapa ni maili moja na sehemu moja, alisukuma mjomba. Yeye mwenyewe asingezihesabu. Imebaki maili moja na sehemu nne. Naomba baiskeli niziendeshe, niirudishe."

Palitokea manung'uniko. Mzee yule alisema kitu cha marehemu kikishapokelewa mlangoni hakitoki tena kabla ya kugawiwa. Kikitoka, kimetoka kwa nani? Mwingine akasema ni mkosi. Shangazi aliniambia taratibu, "Petro, mwanangu, jana mjomba wako alilia akapona. Leo unamrudisha alikotoka?"

Hilo ndilo nililoogopa. Nilimtazama mjomba. Alikuwa ameinamisha kichwa.

"Za kwangu," alisema mwishowe, "ungeweza kuzizungusha nyuma alfajiri. Yeye alinionyesha inavyofanywa. Kwa nini hukuzifuta?"

"Siwezi kuzifuta, mjomba. Ulinipokea."

Mjomba alisimama, akaichukua baiskeli ukutani, akaigeuza mpaka usukani ukanielekea. "Haijatoka kwa mtu," aliwaambia wazee. "Bado ni yake. Haijafika." Na kwangu akasema, "Nenda. Nitakusindikiza. Sitaigusa."

Nilipanda. Mjomba alitembea kando yangu, mikono ameifunga mgongoni, nami niliendesha polepole mno hata nikayumba. Watu walibaki uani. Kwenye daraja la miti alisimama, akasema, "Hapa panatosha," nikaendelea.

Ilikuwa njia ya kuelekea mashambani. Mahindi yamekwisha kuvunwa, mabua yamesimama makavu, jua jipya, baridi bado inauma masikio. Sikuimba. Nilisikiliza tik, tik. Ilipofika moja na sehemu saba nilifunga breki nikashusha mguu mmoja chini.

Hapakuwa na kitu. Palikuwa na ukingo wa shamba la maharage, kichuguu, na mlima mbele ambao sikujua jina lake. Nilikaa pale juu ya baiskeli, elfu kumi za Zakaria zimekamilika, na hakuna aliyejua isipokuwa mimi.

Mwanamke mmoja alikuja na mzigo wa mabua kichwani. Alinitazama mimi, akaitazama njia ambayo baada ya pale haikwenda popote ila shambani kwake.

"Kamwene. Unaenda wapi, kaka?"

"Siendi mahali, dada," nikasema. "Mlima ule unaitwaje?"

Aliniambia. Nikauandika kwenye kadi, nikageuza baiskeli, nikaipeleka kwa mjomba.